Ruzuku ya uhifadhi wa ardhi ni nini?

Mtajie mkulima wa Lushoto au Muheza neno ruzuku, naye atakuuliza mbolea imefika lini. Ndiyo aliyoizoea: tangu msimu wa 2022/2023 anajiandikisha kijijini, anapata namba, ananunua mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Hiyo ni ruzuku ya pembejeo. Ruzuku ya uhifadhi ni mkataba. Serikali inakulipa kwa kazi unayoifanyia ardhi, au kwa kuiacha ipumzike.

Marekani wana mpango uitwao Conservation Reserve Program, ulioanzishwa mwaka 1985. Mkulima anaacha kulima shamba linalomomonyoka, anapanda nyasi au miti, na analipwa kila mwaka kwa muda wa miaka 10 hadi 15. Maombi hushindanishwa kwa alama, kwa hiyo fomu haiulizi una shida kiasi gani. Inauliza shamba liko wapi, udongo wake unapotea vipi, na kama una haki ya kulitumia muda wote wa mkataba. Kwetu swali hilo la mwisho lingewakwamisha wengi wanaolima shamba la ukoo bila hati ya hakimiliki ya kimila.

Sharti linalowaponza waombaji ni la kusubiri. Katika mipango ya kuchangia gharama, ambamo serikali hulipa sehemu ya gharama za kazi, kazi uliyoianza kabla ya mkataba kusainiwa hailipwi, kwa kuwa serikali inanunua mabadiliko, hailipi yaliyokwisha kufanyika. Binafsi naona linamwonea mwangalifu. Mzee mwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko (fanya juu) na majani ya guatemala yaliyokwisha kushika angeambulia patupu, huku jirani yake ambaye udongo wake unateremka bondeni kila masika akipata alama za juu. Wamarekani nao waliliona hilo. Mpango wao mwingine, Conservation Stewardship Program, humlipa pia anayedumisha uhifadhi alioukuta au kuuanza mwenyewe.

Kwa Tanga, hoja ya malipo iko wazi kwenye Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki na kujaza bwawa la Mabayani, linalonywesha jiji. Ila Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 za kingo za mto. Kumlipa mtu akae nje ya mita hizo ni kumlipa kwa kutii sheria; cha kulipia ni kazi ya kuhifadhi mteremko ulio juu ya eneo hilo.

Na ukivunja mkataba wa Conservation Reserve katikati, unarudisha fedha ulizopokea, pamoja na riba.