Triglokini: mmea wa kinamasi unaofanana na nyasi

Ukipita kando ya kinamasi ukaona kitu cha kijani, kirefu na chembamba, utakiita nyasi uendelee na safari yako. Mara nyingi hutakosea. Triglokini, hata hivyo, si nyasi, na wala si ndago. Ina familia yake, Juncaginaceae, na wataalamu wa mimea wanaiweka mbali na nyasi halisi.

Chukua aina ya matindiga ya maji baridi, Triglochin palustris. Ni mmea wa kudumu: sehemu ya juu ikifa, shina lililozama topeni hubaki hai na kuchipua tena. Majani yote huanzia chini kabisa, na ukilikata moja utaona si bapa bali ni nusu duara, lenye unene kidogo. Katikati yake husimama kikonyo kimoja cha maua, kwa kawaida sentimita 20 hadi 60. Hapo ndipo pa kuutambua. Bua la nyasi lina mafundo, la ndago mara nyingi lina pembe tatu, lakini hiki ni laini tupu, hakina fundo wala jani. Jani likisuguliwa vidoleni hunukia kama giligilani.

Maua ni madogo ya kijani, ya kupitwa kirahisi. Hayahitaji nyuki, maana chavua yake hubebwa na upepo. Stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua, hukomaa kabla ya chavua ya ua hilohilo, kwa hiyo ua hupata shida kujichavusha lenyewe.

Jina lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, maana yake "ncha tatu", na sababu huonekana tunda likikauka. Tunda hilo hupasuka kuanzia chini. Vipande vitatu vyembamba, vilivyochongoka upande wa chini, huachana huku vikiwa bado vimeshikana juu, nawe unabaki unatazama kichwa cha mshale. Ncha hizo hunasa kwenye manyoya ya mnyama anayepita, na mbegu ikapata usafiri wa bure.

Mfugaji ana sababu nyingine ya kuujua mmea huu: una sumu. Ndugu yake mnene zaidi, Triglochin maritima wa vinamasi vya chumvi, anajulikana kwa kuua ng'ombe na kondoo. Jani zima halina sianidi, sumu yenyewe, iliyo huru. Lina kemikali inayoitwa triglokinini. Mnyama akilitafuna, kemikali hiyo hukutana na vimeng'enya vya jani, yaani protini zinazoivunja, na sianidi hufunguka. Wakati wa ukame hatari huongezeka, na wanaocheua ndio huathirika upesi zaidi. Sianidi huzuia seli kutumia oksijeni, ndiyo maana mnyama hukata pumzi ilhali damu yake ingali nyekundu ya kung'aa.