Chipukizi wa besiboli ni nani, na kwa nini mashabiki wanambishania msimu mzima

Katika besiboli ya Marekani, chipukizi ni mchezaji ambaye timu imeshamsajili lakini bado hajacheza ligi kuu, au ameicheza kidogo tu. Mipaka imewekwa kwa tarakimu. Mpigaji, yule mwenye fimbo, akizidisha zamu rasmi 130 za kupiga, mrushaji, yule anayemrushia mpira, akizidisha awamu 50 za kurusha (mechi ya kawaida ina awamu tisa), au yeyote kati yao akizidisha siku 45 kwenye kikosi cha wachezaji 26 cha ligi kuu, hahesabiwi tena kuwa mgeni, yaani mchezaji mpya wa ligi kuu. Orodha nyingi za machipukizi zinafuata mipaka hiyo au inayokaribiana nayo: akishaivuka, jina lake linatolewa, na kuanzia hapo anapimwa kwa anachofanya uwanjani, si kwa anachotarajiwa kufanya.

Ni hayo matarajio yanayozua ubishi. Shabiki wa timu ya besiboli anajua kikosi cha leo, na anajua pia majina ya vijana kumi au ishirini ambao hajawahi kuwaona wakicheza ana kwa ana. Wengine wana miaka 17 na bado wako kwenye kambi ya mafunzo huko Jamhuri ya Dominika. Anajua umri wao, nafasi wanazocheza, nani ameumia kiwiko, nani amepandishwa daraja wiki iliyopita. Halafu anabishana juu yao kuanzia Aprili hadi Septemba, katika msimu ambao kila timu inacheza mechi 162.

Anayefuata soka anaweza kushangaa kwa nini safari ya hawa vijana ni ndefu kiasi hicho. Lamine Yamal aliingia kikosi cha kwanza cha Barcelona mwaka 2023 akiwa na miaka 15. Kwenye besiboli jambo hilo halipo kabisa siku hizi. Mike Trout, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa kizazi chake, alifika ligi kuu Julai 2011 akiwa na miaka 19, na watu walistaajabu kwamba amefika mapema. Hata yeye hakuwa tayari sana: katika mechi 40 za mwaka huo alipiga kwa wastani wa .220 tu, yaani mipira 22 salama, inayomfikisha kituoni bila kutolewa, kwa kila zamu 100. Kuupiga kwa fimbo mpira unaokuja kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, mwingine ukipinda njiani, ni ufundi ambao mwili na macho hujifunza kwa maelfu ya marudio. Hakuna njia ya mkato.

Ndiyo maana kila timu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne za chini zinazolea wachezaji wake, kuanzia daraja la chini kwenda juu: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Jumla ni timu 120, nyingi zikiwa kwenye miji midogo, na chini yake kuna ligi za kambini. Kijana wa Marekani, Kanada au Puerto Rico huingia kupitia uteuzi wa kila Julai, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, na ambao sasa una raundi 20. Wa nchi nyingine, hasa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, anaweza kusajiliwa akiwa na miaka 16. Kutoka hapo anapanda ngazi, mwingine kwa miaka miwili, mwingine kwa saba, na wengi hawafiki juu.

Wakati anapanda, maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, wanampa alama. Kipimo chao kinaanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni kiwango cha mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Mpigaji anapimwa mambo matano: kuupata mpira, kuupiga kwa nguvu, mbio, kudaka na kutupa. Kwa hiyo ukisikia mashabiki wakisema kijana fulani ana "mkono wa 70" au "mbio za 80", wanasema kuna kitu anacho ambacho wachache sana duniani wanacho. Ubishi huanza hapo hapo, maana kijana anaweza kuwa na nguvu za 70 na uwezo wa 30 wa kuupata mpira, na nguvu ambazo hazigusi mpira hazisaidii timu kitu.

Lakini yote hayo ni maelezo ya mchezaji. Ili uelewe kwa nini watu wanakasirika na kununiana kwa sababu ya kijana wa Double-A, lazima uelewe soko. Kwenye soka, timu ikimtaka mchezaji inalipa ada ya uhamisho. Kwenye besiboli timu kwa kawaida zinabadilishana watu kwa watu. Timu inayowania ubingwa na inayohitaji mrushaji mmoja zaidi inamchukua kutoka timu inayosuasua, na malipo yake ni machipukizi. Chipukizi ndiye sarafu. Na dirisha la kubadilishana linapofungwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kila shabiki anapaswa kujibu swali moja gumu: tutoe kesho ili tupate leo, au tuvumilie leo ili tuwe na kesho?

Mfano ambao mashabiki hawajauacha mpaka sasa ni wa Detroit Tigers. Agosti 12, 1987, zamani ambazo tarehe za mwisho hazikuwa kama za sasa, Detroit walikuwa wakifukuzana na Toronto na walihitaji mrushaji. Wakamchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta Braves, mkongwe wa miaka 36. Malipo yalikuwa kijana mmoja wa miaka 20 aliyeitwa John Smoltz, aliyekulia Michigan akiishabikia Detroit hiyo hiyo. Sasa jiweke mahali pa shabiki wa siku ile. Smoltz alikuwa Double-A, ameshinda mechi 4 na kupoteza 10, na alikuwa akiruhusu zaidi ya pointi tano kwa kila awamu tisa. Ungesema nini? Mimi naamini wengi wangesema: mtoe, hata usifikirie mara mbili.

Na kwa wiki saba walikuwa sahihi. Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, akiruhusu wastani wa pointi 1.53 kwa kila awamu tisa. Detroit waliwapiga Toronto mara tatu mfululizo katika siku tatu za mwisho wa msimu na kuchukua kundi lao kwa tofauti ya mechi mbili. Kisha Minnesota wakawatoa kwenye mtoano, Alexander akapoteza mechi zake zote mbili, na miaka miwili baadaye akastaafu. Smoltz alikaa Atlanta miongo miwili. Alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 1995, akapata tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mwaka 1996, akashinda mechi 213, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima kule Cooperstown. Detroit, kwa upande wao, hawakurudi kwenye mtoano mpaka 2006.

Wengi wanaitaja hadithi hiyo kama onyo la kutouza chipukizi. Mimi naona imesomwa nusu. Bila Alexander, Detroit hawachukui kundi lile, na mashabiki waliokuwa uwanjani wikendi ile ya Oktoba 1987 walipata furaha ya kweli, ambayo haifutwi na mafanikio ya Smoltz baadaye. Kosa lilikuwa kudhani kwamba takwimu za mwaka mmoja mbovu zinamweleza kijana wa miaka 20.

Upande wa pili wa mizani wapo Chicago Cubs wa 2016. Hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Julai mwaka huo wakamchukua Aroldis Chapman, mrushaji mwenye mpira wa kasi ya kutisha, kutoka New York Yankees, na miongoni mwa wachezaji wanne waliowatoa alikuwamo Gleyber Torres, chipukizi wao wa kwanza kwa ubora. Chapman alicheza Chicago miezi michache tu kisha akarudi Yankees, ambako Torres naye aliteuliwa kikosi cha nyota mwaka 2018 na 2019. Kwa karatasi Cubs walipunjwa. Ila mwaka ule walitwaa ubingwa baada ya miaka 108, na sidhani kama kuna shabiki wao hata mmoja angerudisha kombe ili arudishiwe Torres.

Cubs hao hao wanatufikisha kwenye ubishi mwingine, unaouma zaidi: lini kijana apandishwe. Mchezaji anakuwa huru kuondoka baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Msimu una siku zaidi ya hizo kidogo. Kwa hiyo timu ikimchelewesha kijana wiki mbili tu mwanzoni, mwaka wake wa kwanza hautimii, nayo inapata karibu msimu mzima wa ziada wa kuwa naye.

Mwaka 2015 Kris Bryant alimaliza mechi za maandalizi akiwa na homurani tisa (mipira iliyopigwa ikavuka uzio wa uwanja) na wastani wa .425. Hakuna aliyepiga homurani nyingi kuliko yeye. Cubs wakamrudisha Triple-A, wakisema bado anatakiwa kuimarisha ulinzi wake. Aprili 17 wakamwita, na alipomaliza msimu alikuwa na siku 171 za utumishi. Siku moja pungufu. Alipata tuzo ya mgeni bora mwaka huo na ya mchezaji bora wa ligi mwaka uliofuata. Malalamiko yake rasmi yalitupwa mwaka 2020. Wapo mashabiki waliosema timu imetumia akili, kwa sababu mwaka mmoja wa Bryant ni mali kubwa. Kwangu mimi, kijana aliyeonyesha kila kitu uwanjani alinyimwa mwaka mmoja wa maisha yake ya kazi kwa hesabu ya kalenda, na shabiki anayelisifia hilo amesahau kwamba anamzungumzia mtu. Na mwisho wake unafaa kukumbukwa: Julai 2021 Cubs walimpeleka Bryant San Francisco na kupewa machipukizi wawili, ambao hakuna kati yao aliyekuja kuwa mchezaji wa kudumu kikosini Chicago.

Mkataba wa 2022 kati ya ligi na wachezaji umepunguza uovu huo. Sasa mgeni akimaliza katika nafasi mbili za juu kwenye kura ya mgeni bora anaweza kuhesabiwa mwaka mzima hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Paul Skenes wa Pittsburgh alianza ligi kuu Mei 11, 2024, akashinda tuzo hiyo, na mwaka wake ukahesabiwa kamili. Seattle Mariners nao, kwa kumwanzisha Julio Rodríguez tangu siku ya kwanza ya 2022, walizawadiwa nafasi ya ziada ya uteuzi.

Je, mashabiki wanaweza kujua nani atafanikiwa? Kwa sehemu tu. Mike Piazza alichaguliwa na Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa wa 1,390, na leo yuko Cooperstown. Brien Taylor alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 1991, Yankees wakamlipa dola milioni 1.55, akaumia bega nje ya uwanja mwaka 1993 na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi kuu. Warushaji ndio wanaovunja moyo zaidi. Stephen Strasburg aliwaondoa wapigaji 14 kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, katika mechi yake ya kwanza, Juni 2010, na Washington nzima ikalipuka kwa shangwe. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Alirudi, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali, lakini wenzake wengi waliopita kwenye meza ile ile ya upasuaji hawakurudi walivyokuwa. Ndiyo maana wazoefu husema hakuna kitu kinachoitwa mrushaji chipukizi: kuna mrushaji ambaye bado hajaumia.

Hili la kuumia linanileta kwenye mishahara ya vijana wa madaraja ya chini, jambo ambalo halitajwi vya kutosha kwenye mijadala hii. Mpaka mwaka 2022, mchezaji wa Single-A alikuwa akipata takriban dola 11,000 kwa mwaka. Mkataba wa kwanza wa chama chao, wa 2023, ulipandisha kiwango hicho hadi dola 26,200, na Triple-A hadi 35,800. Mwaka huo huo kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000. Pengo hilo ndilo kijana analovuka siku anayopigiwa simu, na ndilo linalobaki mbele yake kila mara timu inapoamua kusubiri.

Afrika nayo imeingia kwenye ngazi hizi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na akapanda polepole karibu miaka tisa, akifahamika kwa ulinzi mzuri na upigaji hafifu. Aprili 26, 2017 akawa wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza aliupiga mpira salama dhidi ya Jon Lester wa Cubs. Uganda, ambako watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport mwaka 2012, sasa inatoa machipukizi wake yenyewe: mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Ukitaka kuufuata ubishi huu mwenyewe, anza na umri ukilinganisha na daraja. Kijana wa miaka 19 anayepiga .260 Double-A ana thamani kuliko wa miaka 24 anayepiga .310 hapo hapo, kwa sababu wa kwanza anapambana na watu wazima na hajapotea. Kisha angalia ni nani anayeshikilia nafasi yake kwenye kikosi cha juu na mkataba wake unaisha lini. Mara nyingi jibu la "mbona hawampandishi?" liko hapo, na wala si kwenye takwimu za kijana.