Je, wajua? Masomo ya kujitungia hubana kuliko yaliyopangwa

Mwanafunzi wa Goma akisikia kwamba kuna vyuo Marekani ambako mtu hujitungia fani yake, picha inayomjia ni ya meza ya harusi: unapita na sahani, unachota unachopenda, hesabu unaiacha. Kumbe sivyo. Gallatin, kitengo cha Chuo Kikuu cha New York kilichoanzishwa mwaka 1972, hakina fani zilizopangwa, lakini mwanafunzi hujadiliana na mshauri wake kila muhula, huandika anachokitafuta, na mwishoni huketi mbele ya walimu kujieleza kwa mdomo juu ya orodha ya vitabu alivyovichagua mwenyewe. Aliyechota tu huumbuka hapo.

Kosa lingine ni la huku kwetu: kudhani mfumo wa LMD (lisanse, masta, udaktari), ulioenea vyuoni Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, ulileta uhuru huo. Neno "kredi" ndilo linalopotosha, maana linasikika kama pesa ya kutumia upendavyo. Kredi ni kipimo cha kazi: saa 25, za darasani na za kujisomea pamoja. Muhula una kredi 30, lisanse nzima, yaani shahada ya kwanza, 180, na nyingi zimeshapewa kozi zake. Zinazobaki ni kozi za hiari (pale zilipo), staji (mazoezi ya kazi) na tasnifu. Nafasi ni finyu, ila inatosha kwa mwenye swali analolitafutia jibu.

Na swali lenyewe liwe ambalo kitivo kimoja hakilimalizi. Ziwa Kivu lina methani kama kilomita za ujazo 60, nyingi ikiwa imeyeyuka ndani ya maji chini ya mita 260 hivi. Kuitoa kunataka kemia, mwendo wa maji, sheria ya ziwa la nchi mbili, na hesabu ya bei ya umeme. "Mazingira na maendeleo" si swali. Ni bango la semina.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Chukua kozi tatu zinazofuatana: hesabu, kemia ya maji, kisha mwendo wa vimiminika. Kila moja hufundishwa mara moja kwa mwaka, tuseme muhula wa 1, wa 3 na wa 5. Ni kama msafiri wa Goma anayekwenda Uvira: akikosa boti, gari la Bukavu litamwacha, tena chuoni boti nyingine huondoka baada ya mwaka. Aliyepata wazo lake muhula wa 3 atasoma hesabu huo wa 3, kemia wa 5, vimiminika wa 7. Lisanse huishia wa 6. Kwa hiyo mpango huanzia kwenye tasnifu na kurudi nyuma, muhula baada ya muhula. Wazo likichelewa, punguza kiungo kimoja cha mnyororo, au kiache hadi masta.

Kuongeza kozi moja ya kredi 4 juu ya zile 30 ni saa 100 zaidi, yaani kama saa sita kila juma kwa muhula wa majuma 16. Mbili tayari ni hatari. Barua ya idhini ya vitivo vyote viwili, chako na kile chenye kozi hiyo, nayo itafutwe kabla ya somo kuanza. Kwa kawaida juri, yaani walimu wanaoamua matokeo yako, huhesabu kozi zilizo kwenye orodha yake tu. Nyingine, hata ukipata 18 kwa 20, zinabaki kuwa ulikwenda kusikiliza.