Swingi haihitaji kuongezewa ngoma

Karibu kila anayeikodi bendi yetu ya swingi kwa sherehe huja na ombi lilelile: "Mkipiga hizo za zamani, mziongezee ngoma, la sivyo watu watabaki vitini." Nimechoka kulisikia, maana ngoma hizo ndizo zinazowarudisha watu vitini.

Swingi, mtindo wa jazi uliovuma Marekani miaka ya 1930, ni muziki wa dansi tangu kuzaliwa. Ukumbi wa Savoy wa Harlem, New York, uliofunguliwa 1926, ulijaa watu waliokuja kucheza, si kula na kupiga soga. Kinachomwinua mtu ni mapigo manne yaliyo sawasawa. Isikilizeni bendi ya Count Basie ya mwishoni mwa miaka ya 1930: Walter Page anatembeza besi, noti moja kwa kila pigo, Freddie Green anakwangua gitaa lisilo na umeme, Jo Jones ameuhamishia mwendo kwenye matoazi, na ngoma ya mguu anaigusa tu, mwili uihisi kabla sikio halijaisikia. Ukiipandisha ngoma hiyo kwenye spika, besi inamezwa, gitaa linapotea, na mchezaji hana tena cha kufuata.

Kasi nayo si dawa. Wimbo ukikimbia sana, zile noti mbili za ndani ya pigo, ndefu kisha fupi, hukaribia kulingana, na ule mdundo wa kuyumba unapungua. Kwa wageni wasiojifunza hatua zozote, mimi hubaki kati ya mapigo 120 na 160 kwa dakika. Nawasihi: mwambieni fundi mitambo apunguze ngoma, apandishe besi.

Eti lazima tuwe watu kumi na watano. Hapana. Mwaka 1935 mpiga klarineti Benny Goodman alirekodi na Teddy Wilson kwenye piano na Gene Krupa kwenye ngoma, watatu tu.

Kofia na suti za mistari za enzi hizo ni hiari yenu, ila pesa hiyo ningempa mpiga besi mzuri.

Wengine hutaka kila wimbo uishe pale ulipoishia kwenye sahani ya santuri. Sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu za muziki, ndiyo maana nyimbo zile ni fupi. Ukumbini bendi ziliweza kuendelea, wapiga solo wakipokezana. Kwa hiyo tukiongeza raundi ya saksafoni kwa sababu uwanja umejaa, msitume mtu jukwaani kutukatiza.