KGB, NKVD, Cheka: tunavyosimuliana na ilivyokuwa

Ukitaja KGB, polisi wa siri wa Muungano wa Kisovieti, kijiweni hakosekani mtu wa kudakia "hao jamaa ndo walikuwa wenye nchi bwana, Chama cha Kikomunisti chenyewe kilikuwa kinawaogopa". Na mimi niliamini hivyo miaka mingi tu. Ila ukikaa ukafuata tarehe na makaratasi unakuta kitu tofauti kabisa, hawa polisi wa siri wa Kisovieti hawakupora madaraka, walipewa, kidogo kidogo, kwa sahihi za wakubwa, na kila mara waliambiwa ni kwa muda tu mpaka hali itulie.

"Stalin ndo aliwaanzisha"

Hapana. Cheka, jina lao la kwanza kabla ya NKVD na KGB, ilizaliwa tarehe 20 Desemba 1917, Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, akiwa na wiki chache tu madarakani, na mkuu wake akawekwa Mpolandi mmoja anaitwa Felix Dzerzhinsky, mtu aliyesota jela za mfalme miaka na miaka. Jina lenyewe maana yake Tume ya Dharura. Na kazi yao mwanzoni ilikuwa kuchunguza na kupeleka watu mahakama ya mapinduzi, adhabu za kwao wenyewe zilikuwa vitu kama kutaifisha mali, kukutoa kwenye nyumba, kutangaza jina lako kwamba ni adui, na kukunyang'anya kadi ya mgao wa chakula. Usicheke hiyo ya kadi, aliyewahi kupanga foleni ya duka la kaya miaka ile ya themanini mwanzoni anajua mtu asiye na mgao anaishije.

Sasa angalia ilivyokwenda. Februari 1918 Wajerumani wanasonga mbele, likatoka tangazo kwamba nchi iko hatarini, Cheka wakaruhusiwa kupiga watu risasi hapo hapo bila mahakama. Agosti 30 mwaka huo huo Lenin akapigwa risasi akapona, na mkuu wa Cheka wa mji wa Petrograd, Uritsky, akauawa siku ileile, siku chache baadaye likatoka azimio la Ugaidi Mwekundu na watu wakaanza kuuawa kwa mamia kama mateka. Yaani ndani ya miezi tisa wametoka kwenye kadi za chakula wamefika huko, na Stalin hapo hata hajawa bosi.

"Wakibadilishwa jina ilikuwa ni kupunguzwa nguvu"

Hii ndo ilikuwa danganya toto kabisa. Februari 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha, Cheka ikavunjwa, ikaja GPU, kwenye karatasi hawana tena ruhusa ya kuua bila mahakama. Oktoba mwaka uleule wakarudishiwa ruhusa hiyo kwa majambazi. Baadaye OGPU, 1934 NKVD, 1954 KGB, jengo lile lile la Lubyanka pale Moscow ambalo zamani lilikuwa la kampuni ya bima (bima, fikiria), na wao wenyewe waliendelea kujiita machekisti mpaka mwisho.

"Waliokufa 1937 walikuwa vigogo wa chama"

Vigogo ndo tunaowajua kwa sababu kesi zao zilifanywa hadharani. Lakini ile mashine kubwa ilikuwa inasaga watu wasio na jina. Tarehe 30 Julai 1937 Yezhov, mkuu wa NKVD, alisaini oda namba 00447, ndani yake kila mkoa umepangiwa idadi, kundi la kwanza kupigwa risasi, kundi la pili kambini miaka 8 hadi 10. Jumla ya kuanzia nchi nzima ilikuwa watu 268,950, kati yao 75,950 wa kuuawa. Hapo hata hawajakamatwa bado! Walengwa ni wakulima waliokuwa wanaitwa kulaki, yaani waliohesabiwa matajiri, waliorudi toka uhamishoni, mapadri wa Orthodoksi, wezi wa kawaida, na kwenye oda nyingine watu wa makabila yenye nchi zao nje kama Wapolandi. Hukumu inatolewa na watu watatu wanaopitia orodha, mshtakiwa hayupo, wakili hayupo, rufaa hakuna. Kufikia mwisho wa 1938 takwimu za NKVD wenyewe zinasema waliouawa miaka ile miwili ni 681,692.

"NKVD walikuwa mbwa aliyekata mnyororo, Stalin hakujua"

Hii nataka tukae nayo, maana Warusi wenyewe enzi zile walikuwa wanasema "angejua Stalin". Chukua mkoa wa Omsk, Siberia. Limiti yao ya kundi la kwanza ilikuwa 1,000. Tarehe 13 Agosti 1937, hata wiki mbili hazijaisha toka kazi ianze, mkuu wa NKVD wa huko, Gorbach, anatuma telegramu Moscow kwamba tayari kakamata watu 5,444 wa kundi hilo, anaomba aongezewe limiti ifike 8,000. Kwenye telegramu hiyo Stalin kaandika kwa mkono wake, kwa Yezhov, kwamba anaunga mkono iongezwe mpaka elfu nane. Kasaini. Sentensi moja, kama mtu anayepitisha fomu ya mafuta ya gari. Na mikoa mingine ilikuwa inaomba vilevile, kila bosi hataki aonekane mzembe kuliko jirani yake, kwahiyo ukiuliza nani alikuwa anamsukuma nani jibu ni juu wanafungua mlango na chini wanakimbia kuingia.

Na ilipotakiwa kusimama ilisimama. Novemba 1938 likatoka azimio la chama na serikali, zile kamati za watu watatu zikafutwa, mauaji ya jumla yakakatika. Mbwa aliyekata mnyororo hasimami kwa barua.

"Wao wenyewe walikuwa salama"

Yagoda, mkuu wa NKVD kabla ya Yezhov, kapigwa risasi 1938. Yezhov 1940. Beria, aliyemrithi Yezhov, 1953. Gorbach wa Omsk, yule wa elfu nane, naye 1939. Inatosha.

"KGB ya miaka ya 70 ilikuwa ileile ya 1937"

Jina la kutisha lilibaki, kazi ilibadilika. Chini ya mkuu wao Andropov, 1967 mpaka 1982, silaha yao kubwa ilikuwa mazungumzo ya onyo, unaitwa ofisini, unakuta mtu mstaarabu ana faili lako, anakuuliza habari za kazi, habari za mtoto anayetaka kuingia chuo kikuu, halafu anakushauri uache zile stori zako. Unatoka hujaguswa hata kofi, ila unajua mtoto chuo ameshakosa ukiendelea. Wabishi zaidi walifungwa, wengine wakapelekwa hospitali za vichaa wakiwa wazima kabisa, wengine wakafukuzwa nchi. Mfumo huo wa mafaili ndo Wajerumani wa Mashariki waliuiga wakauzidi, na ndo hao hao walioenda kusaidia kujenga usalama wa Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, kwahiyo tusiseme ni mambo ya mbali sana.

Sasa kama kweli KGB ndo walikuwa wenye nchi, Agosti 1991 ndo ilikuwa siku yao. Mkuu wao Kryuchkov alikuwa kinara wa jaribio la kumpindua Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, vifaru viko barabarani, kikosi chake cha Alfa kiko tayari kuvamia jengo la Yeltsin, rais wa Urusi. Alfa wakagoma. Jaribio likafa siku ya tatu, na usiku wa tarehe 22 umati ulikusanyika nje ya Lubyanka ukaangalia winchi ikiing'oa sanamu ya Dzerzhinsky kwenye jiwe lake, na waliokuwa ndani ya jengo hakuna aliyetoka kuzuia.