Je, wajua kwa nini fuvu la mtoto hubonyea kabla ya kupasuka?

Mpwa wangu alikuwa na miezi mitano alipobiringika kutoka kitandani, nyumbani kwao Mikindani, kichwa kikagonga ukingo wa mbuzi ya kukunia nazi. Alilia sana, kisha akanyamaza, akanyonya. Dada yangu alipompapasa akakuta kishimo juu ya sikio, kama mpira wa plastiki uliobonyezwa kwa kidole gumba. Hakukuwa na damu wala mchubuko. Bibi alishainjika maji ya kumkanda. Tukamsihi asimguse, tukampeleka hospitali.

Daktari alimpima, akatuambia mfupa umebonyea tu, haujapasuka. Niliduwaa. Mfupa unabonyeaje?

Fuvu la mtoto mchanga si bakuli moja. Paa lake lina vipande vikubwa vitano, na kati yake kuna mishono ya utando mgumu unaonyumbulika. Aliyewaona mafundi wa majahazi anajua kwamba kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati ya pamba, chombo kikachezacheza na mawimbi bila kupasuka. Mishono ya fuvu hufanya kazi inayofanana na hiyo. Siku ya kuzaliwa vipande hupandana kidogo ili kichwa kipite, ndiyo maana wengine huzaliwa na kichwa kirefu kinachokaa sawa baada ya siku chache.

Mishono inapokutana ndipo penye utosi. Ule mdogo wa nyuma hufunga katika miezi 2 au 3 ya mwanzo, na wa mbele mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Kabla ya hapo ubongo unahitaji nafasi: mzingo wa kichwa ni karibu sentimita 35 mtoto akizaliwa, na akitimiza mwaka hufika karibu 46. Kwa takribani mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, mshono hufunga mapema mno na kichwa kikakua upandeupande. Kwa hiyo mama, tepu ya kupimia kichwa kliniki isikuchoshe.

Mfupa wenyewe nao ni mwembamba na bado haujajaa madini. Kijiti kibichi cha mpera hupinda, kikavu hukatika.

Lakini kupinda si usalama. Ubongo huweza kuumia hata mfupa ukiwa mzima. Na fuvu likipata ufa, mara nyingi huunga lenyewe, ila kwa watoto wachache, hasa walio chini ya miaka 3, utando unaofunika ubongo huchanika chini ya ufa. Mapigo ya ubongo husukuma humo maji yanayouzunguka, na badala ya kuunga, ufa unapanuka wiki hadi wiki. Uvimbe unaoongezeka muda mrefu baada ya kuanguka urudishwe hospitali.

Mshono huohuo huweza kuwa mahali pa kuvunjikia, na farasi anaonesha hilo vizuri. Farasi kijana akisimama kwa miguu ya nyuma na kuanguka chali, kisogo hugonga chini. Misuli minene ya shingo iliyoshikamana na sakafu ya fuvu huvuta ghafla, na mifupa miwili iliyoungwa hapo kwa gegedu tu huachana. Damu humtoka puani, anayumba, wengine hufa. Pigo la usoni laweza kuwa na nafuu, kwa kuwa nyuma ya paji lake pana vyumba vya hewa kabla ya ubongo.

Mtoto akianguka, mwangalie. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akishikwa na degedege, akitokwa damu au maji maangavu puani au masikioni, au mboni zikitofautiana ukubwa, usisubiri kukuche. Akiwa hajatimiza mwaka, mpeleke hata kwa uvimbe laini tu. Na kishimo kisikandwe wala kusukumwa na mtu yeyote nyumbani.

Cha mpwa wangu hakikuhitaji upasuaji. Daktari alitaka arudishwe kila mwezi, na alipofikisha miezi tisa kilikuwa kimejaa chenyewe. Dada bado hupitisha kidole pale anapompaka mafuta, na mbuzi ya nazi sasa inaning'inia ukutani.