Fumbo la kofia kwenye foleni isiyo na mwisho

Fumbo la kofia likipelekwa kwenye foleni isiyo na mwisho, hakosekani wa kusema: "Njia ni ile ile, na wanaokosea ni wachache tu." Yote mawili si kweli.

Fumbo lenyewe: kila aliye kwenye foleni amevishwa kofia nyekundu au nyeupe, anaona za walio mbele yake tu, na lazima ataje rangi ya yake. Wakiwa 100, wakitaja kwa zamu kuanzia nyuma na wakisikiana, wa nyuma kabisa huhesabu nyekundu anazoziona. Zikiwa witiri anasema "nyekundu", zikiwa shufwa "nyeupe". Yeye anabahatisha, 99 wanapatia. Foleni isipokuwa na mwisho kwa mbele, nyekundu nazo zaweza kukosa mwisho, na idadi ya namna hiyo si witiri wala shufwa. Mtu wa kwanza tu, yaani wa nyuma kabisa, na njia imekwama.

Dawa ni kuweka kundi moja mipangilio yote ya rangi inayotofautiana katika nafasi zenye kikomo, kisha kila kundi lipewe kiwakilishi kimoja, yaani mpangilio mmoja uliochaguliwa humo, wote wakikijua. (Hapo ndipo inapohitajika Aksiomu ya Uchaguzi ya mwanahisabati Zermelo, ya mwaka 1904; inasema viwakilishi vipo, haikuonyeshi hata kimoja.) Kofia asizoziona mtu ni yake na za walio nyuma, nazo zina kikomo, hivyo kundi analitambua. Kila mmoja akitaja rangi ya nafasi yake kwenye kiwakilishi, hata bila kusikia wenzake, wanaokosea watakuwa na kikomo.

Lakini kikomo hicho chaweza kuwa 3, chaweza kuwa milioni. Anayevisha kofia akikijua kiwakilishi, atageuza rangi za watu milioni wa mwanzo na kundi libaki lile lile. Na rangi zikipangwa kwa kurusha sarafu, kofia za mbele hazimwambii mtu lolote kuhusu yake.

Wakisikiana, witiri inarudi, ila sasa wa kwanza anahesabu tofauti kati ya anachokiona na kiwakilishi. Tuseme ametangaza witiri. Wa tano amesikia wa pili hadi wa nne, hakuna tofauti. Mbele anaona mbili. Basi ya tatu ni yake mwenyewe: anataja rangi iliyo kinyume na ya kiwakilishi. Hapo anayeweza kukosea ni wa kwanza peke yake.

Kwa hiyo kusema anayeweza kukosea ni mmoja tu ni sawa wakisikiana. Wasiposikiana, tuseme "wenye kikomo, kisichojulikana mapema", na neno "wachache" tuliache.